Bi Sheikha na cherehani kisichouzwa

Jua halijapanda juu ya mapaa ya Mkunazini, Mji Mkongwe wa Unguja, na Bi Sheikha Hashil keshaanza kugombana na mrashi.

Mrashi wenyewe, chombo cha kunyunyizia marashi, ni wa fedha, shingo ndefu na tumbo la mviringo, na kila anapoupiga picha, ndani yake anatokea mwanamke mnene aliyevaa buibui na kushika kamera. "Muone huyo!" anasema, akimnyooshea kidole. "Kila pahala ananifuata. Mtu wa Ulaya anataka kununua mrashi, hakuomba kuniona mimi."

Anausogeza karibu na dirisha. Anatundika mbele yake shuka nyeupe yenye tundu katikati, anapenyeza kamera kwenye tundu na kubofya. Safari hii mwanamke hayumo. Bi Sheikha anaguna kwa kuridhika, anaufunga mrashi kwa karatasi yenye namba, anaurudisha rafuni, kisha anavuta kilichopo jirani yake, chetezo cha udongo cha kufukizia ubani, kilichomeguka mdomo.

Hiyo ndiyo kazi yake, mama huyu mwenye umri wa miaka arobaini na saba. Katika ghala la Bwana Shamsi Yussuf mna vitu vya kale karibu elfu nne: midila ya kahawa, masinia, makasha, saa za ukutani, vitanda vya samadari vilivyofunguliwa miguu, milango mizima ya nyumba ambazo hazipo tena. Kila kimoja lazima kiwe na namba, picha na maelezo. Bi Sheikha huyaandika kwenye kompyuta, yakaingia katika tovuti ya kuuzia vitu vilivyotumika, na watu wa Uholanzi, Marekani na Dubai wakayaona wakiwa wamekaa majumbani mwao.

Kwa kazi hiyo analipwa shilingi laki moja na nusu kwa mwezi, na kitu kidogo juu ya kila kinachouzwa. "Haitoshi," anasema bila kununa. "Lakini karani wa bohari mie tangu ujana wangu. Serikali ilipopunguza wafanyakazi nkaambiwa nikapumzike. Nipumzike na nini, mwanangu?"

Anapoandika maelezo huwa mkweli kupita kiasi, jambo linalomkera tajiri wake. Kasha lililoliwa na mchwa ataandika limeliwa na mchwa. Sinia lililotobolewa na kuzibwa ataandika limezibwa, tena vibaya. Bwana Shamsi anasema angeachiwa yeye angeandika "lina historia."

Nyuma kabisa ya ghala, pembeni, kuna vitu vichache visivyofanana na vingine kwa jambo moja tu. Vimeandikwa kwa chaki, herufi kubwa: AMANA.

Watu wa mjini hawahitaji kuelezwa. Mtu anasafiri, au anahama nyumba, au nyumba yenyewe inataka kuanguka, na kuna kitu hawezi kukibeba wala hataki kukiuza. Anakipeleka kwa anayemuamini. "Niwekee," atasema, na basi. Hakuna karatasi. Aliyewekewa atakitunza mpaka mwenyewe aje, iwe kesho au baada ya maisha mazima.

Bi Sheikha ana sifa ya kuwekewa. Kuna saa ya ukutani ya familia iliyokwenda Dubai, sinia la bibi mmoja wa Fumba, miguu minne ya samadari ambayo kitanda chenyewe hakijulikani kiko wapi. Na kuna cherehani cha mkono, cheusi, ambacho maandishi yake ya dhahabu yamefutika kwa kushikwashikwa. Vingine vyote anavionyesha kwa kidole. Cherehani anakifunika kitambaa kwanza, kana kwamba hakijavaa vizuri mbele ya mgeni.

"Hiki cha Da Afra," anasema. "Dada yangu."

Afra Hashil alimzidi mdogo wake miaka minane, na mama yao alipofariki yeye ndiye aliyekuwa mama. Waliishi mtaa wa Kokoni, ghorofa ya juu, na dirishani kilikuwapo cherehani cha mama, na Afra mbele yake. Aliwashonea mabiharusi wa mtaa mzima. Sheikha kazi yake ilikuwa kuzungusha mkono wa cherehani huku dada anaongoza kitambaa, na akizungusha mbio hupigwa kofi la begani.

Mwaka 1987 mume wa Afra, Zahran, alipata kazi Maskati, Omani, na mkewe akamfuata. Ilisemwa ni miezi mitatu, akaone mazingira kisha arudi. Siku ya safari Afra alimpakatisha mdogo wake kile cherehani.

"Akanambia, 'Shika. Si zawadi hii, usije ukajifanya umepewa. Ni amana. Nikirudi nnakitaka, na nikikuta umenivunjia sindano utanitambua.'" Bi Sheikha anacheka, halafu anaacha kucheka. "Ndo maneno ya mwisho hayo. Mtu anakwenda zake, maneno ya mwisho sindano."

Barua zilikuja, zikibebwa na jirani mfanyabiashara aliyekuwa akienda na kurudi. Zahran akabadilisha kazi, wakahama mji. Jirani naye akafariki. Barua za Sheikha zikawa zinarudi zilivyokwenda, na za Afra zikawa hazifiki. Katikati ya miaka ya tisini palikuwa hapana tena habari, si ya kheri wala ya shari.

Halafu ikaja masika ya mwaka 1998. Mvua ile iliwakuta watu wa Mji Mkongwe na nyumba zilizokwisha choka. Ya akina Hashil ilianguka mchana, upande mmoja kwanza, kisha wote. Wenyewe walikuwa harusini mtaa wa Malindi, na Sheikha alikuwa amekibeba cherehani kwenda kumalizia nguo ya biharusi. Ndiyo maana kiko mpaka leo. Kila kingine kililala chini ya kifusi.

"Nyumba haikuniuma sana," anasema. "Ilikuwa ishazeeka, Mungu airehemu. Kilichoniuma mlango. Da Afra akirudi atabisha wapi?"

Walihamia Mwanakwerekwe, yeye na mumewe, nyuma ya soko. Lakini kila alipokuja mjini alipitia Kokoni, akachukua kipande cha mkaa na kuandika kwenye ukuta wa jirani: *Afra, tumehamia Mwanakwerekwe, nyuma ya soko, uliza kwa Sheikha.* Mvua ikifuta, anaandika tena. Jirani alimvumilia miaka mitatu, kisha akapaka ukuta rangi. Hakumlaumu. Ila siku ile, anasema, alirudi nyumbani akalala na buibui lake.

Ni kifusi hicho hicho kilichompa kazi. Bwana Shamsi alikuja kununua mlango na boriti zilizosalimika, akamkuta mwanamke amesimama juu ya mawe anamhesabia vipande vya nyumba yake kimoja kimoja, hiki kilikaa wapi na kile kilishika nini. Akanunua mlango. Baada ya wiki akarudi kumuomba aje amtengenezee ghala, kwani yeye mwenyewe alikuwa hajui anacho nini. Kwa hiyo Bi Sheikha akawa anaishi kwa kuuza vitu vya nyumba za watu. Hilo halimpi raha kila siku, na halifichi.

Kisa chenyewe kilianza mwaka juzi, tajiri alipoleta programu mpya ya kompyuta. Kila kilichomo ghalani kiingizwe humo, aliamuru, na kisichoingizwa kitolewe nje kipishe vingine. Programu ikishapata namba, picha na bei, inakipeleka kitu mtandaoni yenyewe bila kumuuliza mtu.

Bi Sheikha akakwama. Amana asipoziingiza zitatupwa, na akiziingiza zitauzwa. Akakaa nayo siku nzima. Mwishowe akaona njia: ataziingiza, ila kwa bei ambayo hakuna mwenye akili timamu atakayeitoa. Cherehani akakiandikia dola elfu tisa. Sinia la bibi wa Fumba, elfu nne. Akalala usingizi mzuri.

Kulikuwa na kisanduku kimoja zaidi, cha jina la mtengenezaji, na programu haikukubali kiachwe kitupu. Cherehani kilikwisha futika jina, sinia halikuwa nalo tangu asili. Akaandika kile alichozoea kuandika kwa chaki. Mtengenezaji: Amana.

"Mie nliona nimesema kweli," anajitetea. "Ningeandika nini?"

Zikaanza kuja barua pepe. Watu wanaokusanya vitu vya kale huko ughaibuni waligundua kwamba Unguja kulikuwa na fundi mmoja wa ajabu, Amana, aliyetengeneza vyerehani, saa, masinia na miguu ya vitanda, na kwamba kazi zake ni adimu, na kwamba bei zake hazishikiki. Bwana mmoja wa Uholanzi aliandika kwa adabu kuuliza Amana alizaliwa lini, na kama picha yake ipo.

Bi Sheikha akamjibu kwa Kiingereza chake cha skuli, tena kweli tupu: Amana si mtu, Amana inamngoja mwenyewe. Bwana wa Uholanzi akayapenda mno maneno hayo. Akazidi kukitaka cherehani.

Ghala zima lilicheka. Bwana Shamsi ndiye aliyecheka kuliko wote, akawa akimuona Bi Sheikha anaingia asubuhi anamuuliza, "Fundi Amana hajambo?" Naye anajibu, "Hajambo, anakusalimu, anasema umlipe." Hapana aliyedhani mzaha huo una mguu wa kwenda mbali.

Mwezi Mei mwaka huu umeme ulikatika kisiwa kizima, na Unguja ikakaa gizani wiki baada ya wiki. Wenye jenereta walijikimu. Ghala la Bwana Shamsi halikuwa nayo. Kompyuta ikafunikwa shuka, na Bi Sheikha akarudia chaki. Umeme uliporudi mwezi Juni, alifunua kompyuta na kuzikuta barua zimejaa. Mbili zilikuwa za cherehani.

Ya kwanza ilitoka Uholanzi. Yule bwana alikuwa amebofya, amenunua, na fedha zote zimekwisha ingia.

Bwana Shamsi alipoambiwa aliomba kiti. Mwezi mzima hakuwa ameuza kitu, na kodi ya ghala ilikuwa imemkaa kooni. Kilichofuata wafanyakazi wengine wanakikumbuka vyema, kwani sauti zilifika barabarani.

"Bi Sheikha, huyu kalipa! Kalipa, ushanisikia? Hatukumlazimisha!"

"Cha watu hicho, Bwana Shamsi. Mrejeshee pesa zake."

"Watu gani? Miaka ishirini na moja! Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko."

"Umejuaje kama yuko? Umejuaje kama hai?"

Bi Sheikha akakivuta kitambaa juu ya cherehani. Kwa yote aliyowahi kujisemea usiku na mchana, swali hilo hakuwahi kumruhusu mtu amuulize usoni, na sasa limeulizwa mbele ya watu, katikati ya makasha. Bwana Shamsi mwenyewe alijuta mara tu lilipomtoka. "Niwie radhi," alisema. "Soma hiyo nyingine basi, tujue na wao wanataka nini."

Ya pili ilitoka Maskati, na ilikuwa ya Kiswahili. Bi Sheikha anaijua kwa moyo. *Nyie watu wa Unguja mna nini siku hizi? Nani kakupeni ruhusa ya kuuza amana za watu? Mmeandika wenyewe, wala hamuoni haya. Mama yangu kaniambia tangu mdogo, amana haiuzwi. Aibu tupu.* Chini yake jina, Khairat.

Khairat alizaliwa hukohuko Uarabuni na Unguja hajaifika, ila Kiswahili amekinyonya kwa mamake. Alikuwa akitafuta chetezo cha harusi yake. Katika wote waliolipitia tangazo lile kwa miaka miwili, yeye ndiye wa kwanza kusoma neno lile kwa maana yake.

"Nlitukanwa vizuri," anasema Bi Sheikha, na macho yake yanang'aa. "Sijapata kutukanwa nikafurahi namna ile. Nkasema, kumbe wapo. Wapo wanaojua."

Akamjibu papo hapo, amesimama. *Mwanangu, usinilaumu. Mimi ndiye niliyewekewa, wala sijauza. Ni cha dada yangu Afra binti Hashil wa Kokoni, mke wa Zahran. Kama kuna mtu hapo anamjua, niambie hata kama ni habari mbaya.*

Fedha za bwana wa Uholanzi zilirudi kwake wiki ile ile. Bwana Shamsi, akiulizwa kwa nini, anakuna kidevu. "Kodi ningelipa," anasema. "Lakini mji huu ningepita wapi? Kila barazani wangesema huyu ndiye aliyeuza amana. Nani tena angeniletea hata kijiko?" Kisha anaongeza kwa sauti ya chini kwamba hata hivyo Bi Sheikha hakumsemesha siku tatu, na ghala bila kugombezwa lilimshinda kukaa.

Maskati, Khairat hakupumzika. Alimuuliza mamake, mamake akauliza maulidini, maulidini wakaulizana wao kwa wao. Mwezi wa Agosti ikaja barua nyingine, fupi, na ndani yake namba ya simu ya mji wa Sohar, hukohuko Omani.

Bi Sheikha alipiga kwa simu ya tajiri, ndani ya ghala, kwa sababu nyumbani aliogopa kuwa peke yake. Ikapokelewa na mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza.

"Da Afra?"

"Nani mwenzangu?"

"Da Afra, mie Sheikha."

Sauti ikauliza, "Sheikha gani?"

"Sheikha wako."

Aliyekuwa upande wa pili alilia kwanza, halafu akaeleza. Mwaka 2001, akiwa amekwisha fiwa na Zahran, alimtuma mtu Unguja amtafutie ndugu zake. Mtu yule alifika Kokoni, akakuta kiwanja kitupu na majani. Ukuta wa jirani ulikuwa mweupe. Akarudi Sohar na habari kwamba nyumba iliwaangukia.

"Akanambia, 'Sheikha, mie nimekusomea khitma,'" anasimulia Bi Sheikha. "'Kila mwaka, mwezi wa Rajabu, nnapika na nnaita watu, nnakusomeeni nyote.' Nkamwambia, ahsante dada, zimefika. Zimenifaa sana." Anacheka mpaka anajifuta machozi kwa ncha ya buibui, na haijulikani tena ni machozi ya nini.

Tangu hapo wanazungumza kila Ijumaa baada ya sala. Wameulizana waliokufa na waliooa. Wamegombana juu ya mapishi ya mama, yaliwekwa hiliki au hayakuwekwa. Yote yamekwisha semwa isipokuwa moja, na kila Ijumaa linarudi.

Afra anakitaka cherehani chake. Anataka kitumwe.

Ana miaka hamsini na mitano, sukari imemwingia miguuni, na anasema ndege haiwezi tena. Isitoshe amesikia kazi anayofanya mdogo wake. "Nyie si mnapeleka mpaka milango Ulaya?" humwambia. "Basi na mie nipakilieni changu. Gharama ntatoa mwenyewe."

Kukipakia ni kazi ya asubuhi moja. Bi Sheikha amepakia vyerehani vingi, anajua namna ya kufunga mkono usitikisike, na kibali anajua pa kukiombea. Bwana Shamsi amejitolea kulipa nauli ya mzigo. Mumewe amemwambia ampelekee mtu chake, asije akaingia katika dhulma. Sheikha yuleyule aliyemtetea mwenye mali mbele ya dola elfu tisa, sasa mwenye mali mwenyewe anakitaka, na yeye hakitoi.

Wamemshauri aende yeye Sohar. Pasi anayo tayari, ameichukua mwezi uliopita na kuiweka kabatini. "Ntakwenda, Mungu akipenda, hilo halina neno," anasema. "Lakini kule ntakuwa mgeni. Ntakaribishwa, ntapikiwa, kisha ntasindikizwa. Mie staki kusindikizwa na Da Afra. Nnataka arudi kwetu."

Nyumbani Mwanakwerekwe kuna chumba kimepakwa chokaa. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Bi Sheikha amenunua kitu kutoka ghalani, kitanda kifupi cha mninga, kwani samadari kwa urefu wake na miguu ya Afra havitapatana. Amekipanga mbele ya dirisha linalotazama njia. Daktari mmoja wa Sohar, kwa maneno ya Khairat, amesema mgonjwa anaweza kusafiri akiwa na mtu wa kumshika, na Khairat, anayeolewa mwezi Januari, anamshawishi mumewe mtarajiwa fungate wakaifanyie Unguja, na bibi wa kumshika njiani, Afra, wameshampata.

Bado ni maneno tu. Afra hajasema ndiyo. Ijumaa iliyopita alikasirika, akamwambia mdogo wake kwamba amana ikidaiwa hurejeshwa, na kwamba anayeizuia ana dhambi.

"Nkamwambia, dhambi ntaibeba," anasema Bi Sheikha. Ameketi juu ya kasha, mikono mapajani, na kwa muda hakuna kinachopigwa picha. "Anasema kweli, si mwongo. Chake, na nimemzuilia. Nnamuomba Mungu anisamehe kila sala. Lakini nifanyeje, mwanangu? Nyumba hakuna. Mama hakuna. Alichokiacha Unguja ni hicho tu. Nikimpelekea, atarudi kuchukua nini?"